Ningu Apandapo Mto, Nani Atamwacha Apite?

Mpenzi msomaji, ukipanda matatu kutoka Kisumu kwenda Ahero mwezi wa Aprili, mvua ya masika ikiwa imeshika sawasawa, utawaona vijana wamesimama kando ya lami, mashati yamewaganda mwilini, kila mmoja ameinua samaki waliotungwa kwa kamba ya mafunjo. Dereva akipunguza mwendo tu, wanakimbilia dirishani. Samaki hao si mbuta wala si ngege. Ni wembamba kiasi, weusi weusi mgongoni, na mdomo wao umeelekea chini kama wa mtoto anayetafuta ziwa la mama. Ni ningu.

Mimi, kama ujuavyo, napenda vya rahisi. Nilinunua tungo moja. Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa njiani na watoto kwenda kumjulia hali mama mkwe wangu huko Kano, na kikapuni sikuwa na kitu ila sukari na mikate miwili. Nikasema moyoni, leo nitasifiwa mimi!

Mama mkwe huyu, tangu nijaliwe mtoto wa kwanza, nimezoea kumwita Dani, yaani nyanya, kama wajukuu wake wanavyomwita. Yeye naye huniita Nyar Mumias, binti wa Mumias, kwa sababu ndiko nilikotoka. Alipokea wale samaki kwa mikono miwili, akashukuru, akawageuzageuza. Kisha akambonyeza mmoja tumboni kwa kidole gumba. Mayai yakamwagika kwenye sinia.

"Nyar Mumias," akauliza, "hawa umewanunua wapi?"

"Barabarani, Dani. Karibu na daraja."

"Walikuwa wanapanda au wanashuka?"

Nilibaki kinywa wazi. Ningejuaje mimi? Mtu akinunua kabeji sokoni, nani humwuliza kama ilivunwa asubuhi au jioni? Dani hakunikaripia. Aliwapara magamba, akawapika, na sote tukala, maana kwake chakula hakitupwi. Hata mayai tuliyala, na ni matamu, sitadanganya. Lakini alipokuwa akimtolea mjukuu wake miiba (na ningu ana miiba, sikwambii!) alisema maneno ambayo yamenikaa kichwani hadi leo. Alisema: "Siku hizi kila ningu ninayemwona ana mimba. Sijui wanaoshuka walienda wapi."

Mpenzi msomaji, mimi nilisomea uandishi wa habari, sikusomea samaki. Niliporudi Kisumu nikaanza kuuliza na kusoma, na nikagundua kuwa swali la Dani lina uzito kuliko nilivyodhani.

Ningu ni samaki wa Ziwa Victoria na mito inayoingia humo. Wataalamu humwita Labeo victorianus, yaani hata katika jina lao la kisomi wamemfunga na ziwa letu. Sehemu kubwa ya mwaka huishi ziwani, si mbali na midomo ya mito, akila ukungu wa kijani na uchafu laini uliotanda juu ya mawe na matope. Mvua inaponyesha milimani, kule Nandi na Kericho kwa upande wa Nyando, Mau kwa upande wa Sondu Miriu, Cherangani na Mlima Elgon kwa upande wa Nzoia, maji mekundu huteremka hadi ziwani na ningu huyatambua. Basi huanza kupanda kwa makundi.

Hapandi kutafuta chakula. Anatafuta mahali pa kutagia, na mahali penyewe si katikati ya mto penye mkondo mkali. Ni pembeni, kwenye vijito na majani yaliyofunikwa na mafuriko, penye maji ya kina kifupi. Anataga, anageuka, anarudi ziwani. Halindi mayai wala halei watoto. Mayai huanguliwa baada ya muda mfupi, na vifaranga hukaa majanini wakikua hadi maji yanapoanza kupungua, ndipo nao hushuka. Yakikauka mapema, wanabaki kwenye vidimbwi, na hapo ndege hufanya karamu. Masika yakipita, mvua za vuli huwapa nafasi ya pili.

Wala hapandi peke yake. Hufuatana na fwani mwenye magamba makubwa, na sire, na osoga, kila mmoja na siku zake. Mumi naye huingia kwenye uwanda uliofurika, na kule Ahero kwenye mashamba ya mpunga watoto humkamata kwa mikono na vikapu hata kabla ya kwenda shule. Nimemwona mwanangu akirudi na mumi wawili na matope hadi masikioni, akidai hakwenda popote.

Sasa turudi kwa Dani. Baba yake alikuwa na kek. Kwa msomaji asiyetoka pande hizi, kek ni uzio wa fito uliokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo, na kwenye uzio huo hutegwa migono, vikapu virefu vyenye mdomo mpana na koo jembamba, ambavyo samaki akiingia hajui tena njia ya kutokea. Kuijenga ni kazi ya wanaume wengi na siku nyingi. Kufuma migono ni kazi ya subira. Dani anasema alipokuwa msichana mdogo alitumwa alfajiri kumpelekea baba yake uji huko mtoni, na arudipo alikuwa na ningu kichwani, wengine bado wanarukaruka.

Nilimwuliza, "Dani, kama uzio ulikatiza mto mzima, si ningu wangekwisha tangu zamani?"

Akacheka. Usidhani, mpenzi msomaji, kwamba aliniambia wazee wale walikuwa watakatifu waliowahurumia samaki. La! Walitaka samaki kama tunavyowataka sisi. Ila walikuwa na mambo mawili yaliyowazuia. La kwanza ni mto wenyewe. Mafuriko makubwa yalipokuja, usiku ule ule ningu walipokuwa wengi zaidi, maji yaliibomoa kek na kuipeleka ziwani, fito na migono na yote. Ilipojengwa upya, kundi kubwa lilikuwa limekwisha kupita, na wazee waliwangoja wakishuka.

La pili lilikuwa majirani. Palikuwa na kek nyingine juu ya mto, na juu yake nyingine. Mwenye kek ya chini akiziba kila upenyo, wa juu hulala njaa. Basi wa juu hakuandika barua kwa chifu. Alikuja na watu wake usiku, wakapasua uzio, na asubuhi palikuwa na maneno ambayo Dani alikataa kuniambia mbele ya watoto. Kwa hiyo baba yake aliacha pengo. Hakuliacha kwa kupenda. Aliliacha kwa sababu alimjua mtu wa juu kwa jina, na huenda alikuwa ameoa kwao.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipokwama, na sijayakwamua. Kek ilikuwa na majirani. Wavu hauna.

Nyavu za kisasa za kutega, zile ambazo samaki huingiza kichwa kisha hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, zililetwa katika ghuba yetu mwaka wa 1905. Wakati huo ngege walikuwa tele, na nyavu zilikuwa za ngege. Kufikia 1927 na 1928, Mwingereza Michael Graham alipofanya uchunguzi wa kwanza mkubwa wa samaki wa ziwa hili, tayari ngege walikuwa wakipungua, naye akashauri nyavu zisiwe na matundu madogo. Baadaye, katika miaka ya 1950, zikaja nyavu za nailoni, nyepesi na zisizooza upesi. Ngege walipoadimika, mvuvi akageukia kwingine. Na mahali rahisi pa kumpata ningu ni mdomoni mwa mto, anapokusanyika kungoja mvua. Hakuna haja ya fito wala migono wala wanaume wengi. Watu wawili na mtumbwi wanatosha. Samaki anayenaswa pale bado hajataga, na mtu wa juu, aliyekuwa akimngoja, hajui ni nani aliyemchukua. Atampasulia nani uzio?

Mwaka wa 1959 mtaalamu wa samaki P. J. P. Whitehead aliandika habari za uvuvi wa mitoni Nyanza na za samaki hawa wapandao. Miaka sita tu baadaye, mwaka wa 1965, mwenzake D. A. Cadwalladr alichapisha makala yaliyohusu kudidimia kwa uvuvi wa ningu, na pamoja nako kudhoofika kwa njia za kienyeji za kuvua katika mto Nzoia. Nilipolisoma hilo nilistuka kidogo. Nzoia ni mto wa kwetu Mumias. Nimeufulia nguo, nimeuogelea nikichapwa kwa kuuogelea, na sikuwahi kuona kek hata moja. Kumbe mimi nilizaliwa baada ya karamu.

Tazama pia tarehe hizo. Mwulize mtu yeyote pale Dunga ni nani aliyewamaliza samaki wa zamani, atakujibu bila kufikiri: mbuta. Ni kweli mbuta ana kesi ya kujibu. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na aliposhamiri katika miaka ya 1980, fulu walikiona cha mtema kuni. Lakini habari za kudidimia kwa ningu zilikuwa zimekwisha kuchapishwa mwaka wa 1965, mbuta akiwa bado mgeni. Ningu hatuwezi kumtwika mbuta. Huyu tulimmaliza kwa mikono yetu, na leo wataalamu wamemweka miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka duniani.

Labda utasema, basi serikali ifunge mito wakati wa mvua. Si wazo geni. Wengi wetu tumeona uvuvi wa omena ukifungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na kina mama wanaoanika omena wanajua jinsi miezi hiyo ilivyo mirefu. Hata ng'ambo mambo ni hayo hayo. Jioni moja watoto walikuwa wakitazama kwenye televisheni Mmarekani mmoja akivua kwa ndoana katika mto wa kwao. Alimvuta samaki mkubwa mwenye mdomo mpana, akampiga picha, akambusu, akamrudisha majini. Dani, aliyekuwa ametutembelea, aliniuliza kwa upole kama yule bwana ni mgonjwa. Samaki yule huitwa bass, ambaye mimi nitamwita besi ili asichanganywe na basi la kwenda Nairobi. Naye ni mkazi wa Kenya kwa miaka mingi, maana Wazungu walimleta Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 ili wapate kumvua kwa mchezo.

Niliyojifunza juu ya besi ni haya. Majira ya kuchipua, maji yanapopata joto, dume huchimba kiota pembeni, jike hutaga, kisha dume hubaki akilinda mayai na vifaranga. Ukimwondoa dume, samaki wengine huja wakala kila kitu. Kwa sababu hiyo baadhi ya majimbo ya Marekani na Kanada yamekuwa yakifunga uvuvi wa besi majira hayo, au kumtaka mvuvi amrudishe majini. Na watu hutii, walau wengi wao, kwa kuwa mvuvi yule ana nyama nyingine kwenye jokofu. Dani aliposikia haya alitikisa kichwa. "Kwa hiyo baba mwenye nyumba anamlindia samaki asiyemla?" Nikamjibu ndiyo. "Sisi baba mwenye nyumba alikuwa na watoto tisa."

Naam, hapo ndipo penye ugumu. Aprili na Mei ndiyo miezi ghala linapokuwa tupu Kano. Mahindi yako shambani, yangali machanga. Anayesimama barabarani na tungo la ningu mvua ikimnyeshea hakukosa kazi ya ofisi kwa hiari yake. Isitoshe, maji yale yale yanayomleta ningu ndiyo yanayobomoa nyumba. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda hadi likafikia kiwango cha juu kilichoonekana mwaka wa 1964, na mwaka wa 2024 mafuriko yakarudi tena. Jamaa zetu waliwahi kulala madarasani, na Dani mwenyewe alibebwa mgongoni na kijana wa jirani, akiwa amekumbatia kuku mmoja. Watu wa Nyando wanataka kingo za kuzuia mafuriko kama zile zilizojengwa Budalang'i, na nani atawalaumu? Lakini ningu hutaga hasa pale maji yanapotoka mtoni na kutanda kwenye majani. Ukingo unaomlinda bibi kizee na kuku wake ndio unaomfungia ningu nje ya wodi ya kujifungulia. Mimi sitamwambia mtu yeyote aache nyumba yake ifurike kwa ajili ya samaki. Natamani tu wahandisi wanapochora ramani zao wamwite pia mtu wa samaki aketi nao mezani.

Kuna habari njema kidogo. Mwaka wa 2004 mtafiti wa Uganda, Justus Rutaisire, pamoja na mwenzake Anthony Booth, walichapisha jinsi walivyofaulu kumfanya ningu atage na mayai yaanguliwe akiwa amefugwa. Kwa hiyo yawezekana siku moja ukamnunua ningu wa bwawani kama unavyonunua kuku wa gredi. Hata hivyo samaki wa bwawani hatamfundisha mjukuu wangu kwamba Nyando na ziwa ni kitu kimoja. Hilo ni langu binafsi, usilichukue kuwa sayansi.

Sasa, mpenzi msomaji, wewe na mimi hatumiliki nyavu. Tunamiliki kikapu cha sokoni. Baada ya mazungumzo yale niliamua kufuata kanuni ya Dani, yaani kuuliza: anapanda au anashuka? Ningu anayepanda tumbo lake limejaa na ukimbonyeza utaona mayai. Anayeshuka amelegea tumbo, ni mwembamba, na hana sifa sokoni. Nilikwenda Kibuye siku ya Jumapili, palipojaa watu kama kawaida yake, nikamwendea mama mmoja mwenye beseni la ningu, nikaanza kubonyeza.

"Mama, unanunua samaki au unampima mimba?" akaniuliza kwa sauti, na majirani zake wakaangua kicheko.

Nilimweleza. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotazamia. Kisha akasema wenye mayai ndio wateja wanaowataka, na huwauza kwa bei ya juu. Akileta waliolegea, hurudi nao nyumbani. "Mkianza kununua hao wembamba," akasema, "mimi nitawaleta. Mimi sivui. Mimi naleta mnachokula." Kisha akageuka kumhudumia mteja mwingine, ambaye alichagua wanne, wote wana mayai, na wala hakuuliza bei mara mbili. Mimi nilinunua mumi nikaenda zangu, nikiwa nimeona haya kidogo.

Lililobaki ni dogo. Mwanangu wa pili, aliposikia habari za kek, alimwomba nyanya yake amfumie mgono mmoja, mdogo tu, wa kutegea kwenye mfereji wa mpunga. Dani alifurahi kama msichana. Vijana walikata fito laini kando ya mto, akaketi chini ya mwembe, akaanza. Mdomo ulitoka vizuri, mwili ukafuata. Alipofika kwenye koo, pale penye vijiti vinavyoelekea ndani ili samaki asirudi, mikono yake ilisimama. Alifumua mara tatu. Alisema baba yake alikuwa akipafunga kwa namna fulani, kwa kupitisha uzi chini kisha juu, lakini kazi ile ilikuwa ya kaka zake, na kaka zake wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Mgono ule usio na koo sasa umening'inia jikoni kwake, anautilia vitunguu.

Basi nina ombi. Ikiwa wewe, au mzazi wako, au mzee yeyote wa kwenu Kano, Nyakach, Sondu, Alego au Budalang'i bado anajua kulifunga koo la mgono, niandikie kupitia anwani ya gazeti hili. Mchoro wa kalamu ya risasi utatosha. Na ukiwa unaishi juu ya mto, Muhoroni au hata mbele zaidi, niambie pia kama mvua zilizopita ulimwona ningu akifika kwenu.